Pumzi ya Ayeeyo Habiba na Machungwa ya Mradi

Mliniaga vizuri, wenzangu, sina lawama. Mliweka hema nje ya kliniki, mkanipa thamosi na leso, halafu mkawagawia wageni soda na biskuti, vitu nilivyovipiga vita miaka yote niliyokuwa afisa wenu wa lishe hapa Garissa. Nami nikala biskuti, nikaomba nyingine. Kisha mmoja wenu akaniambia, "Mama, tuandikie siri ya kazi kabla hujasahau." Kilichochakaa kwangu ni magoti, si kichwa, lakini sawa. Siri yenyewe ni kwamba watu hawali unachowaambia wale. Yaliyobaki ni maelezo, na nitayaeleza, kwa kuwa sasa nina muda na hakuna mwenyekiti wa kunikata kauli.

Nilianzia kazi Hadado, kule Wajir. Mimi ni mtu wa ng'ambo ya mto Tana, Mpokomo wa samaki na ndizi, na nilifika na sanduku la nguo, mizani ya kuning'inizia watoto, na bango kubwa la vyakula lililochorwa na mtu ambaye hajawahi kufika Hadado. Lilikuwa na samaki, parachichi, brokoli na ng'ombe mweupe mwenye mabaka meusi, amenona mpaka anatia aibu. Nikalibandika ukutani, nikasimama kando yake na fimbo mkononi. Akina mama wafugaji wakalitazama kwa adabu. Mwisho mmoja akaionyesha brokoli, akauliza, "Hii mti inamea wabi?" Nikamwambia ukweli, kwamba hata mimi sijawahi kuiona kwa macho yangu. Wakacheka, nami nikacheka. Alasiri ile bango likawa pazia la dirisha, na kazi hiyo liliifanya vizuri kwa muda mrefu.

Mizani nayo ilikuwa na maisha yake. Ilikuwa sahihi kuliko ya mchinjaji, basi Idd ilipokaribia wazee walikuja kuiazima kwa heshima zote, na ilirudi ikinukia mafuta ya ngamia. Niliiosha, nikaendelea kupima watoto. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini haina vumbi kama mizani za vituo vingine. Nikamjibu kwamba hapa inatumika.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Barwaqo, muuguzi msimamizi wa kituo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ngamia. Aliniona nikiuliza kila mama swali lile nililofundishwa chuoni: jana ulikula nini? Nao walinijibu vizuri mno. Mayai, maziwa, mboga za majani, maharagwe. Ungedhani Hadado nzima inakula hotelini. Sista Barwaqo aliniacha nijaze majibu hayo mpaka nikaridhika, ndipo akaniita kando.

"Abaayo, dada yangu, hao wanakuonea huruma," akasema. "Wanakujibu kile unataka. Wewe usiulize mtu anakula nini. Uliza nani anakula kwanza. Chakula inaingia nyumba, inatembea. Wewe ifuate."

Nimehudhuria semina nyingi tangu siku hiyo, na sijapata la kuongeza. Nilipohamishiwa Hulugho, kisha Garissa, niliyachukua maneno hayo pamoja na mizani. Vyeo na mishahara tuviache, hakuna msomaji aliyewahi kunenepa kwa kusoma habari hizo.

Huku Garissa nilikabidhiwa kliniki ya wazee, na wazee wenyewe karibu wote walikuwa wanawake wenye vikohozi. Hawavuti sigara hata mmoja. Waume zao ndio wanaovuta, tena nje, kwenye upepo, wakitafuna miraa na kuamua mambo ya dunia. Wake zao wamevuta moshi maisha yao yote bila kununua hata pakiti: moshi wa kuni kwenye jiko la mabati lisilo na dirisha, kwa sababu dirisha huondoa sitara, moshi wa uunsi, ule ubani wa kufukizia nyumba na nguo, na kwa wauza maziwa, moshi wa kufukizia mitungi. Wageni hawaujui huu wa mwisho. Mitungi ya maziwa haioshwi kwa maji tu. Huchukuliwa kijiti cha mti maalumu kinachowaka, kikaingizwa ndani, mtungi ukatikiswa na kufunikwa mpaka moshi ushike. Maziwa ya ngamia yasiyo na harufu ile hayauziki. Mnunuzi ataonja, ataangalia pembeni, ataondoka.

Ndiyo iliyokuwa kazi ya Ayeeyo Habiba. Wote tulimwita ayeeyo, yaani bibi, ingawa alinizidi miaka michache tu na jina hilo lilikuwa linanikaribia mimi pia. Alikuwa muuza maziwa, mwenye maneno makali na kicheko kikubwa, ila kicheko hicho sikuwahi kukisikia kikifika mwisho. Kilikatwa na kikohozi katikati, kila mara, akabaki ameshika kifua na kusubiri. Kutoka stendi, magari yanapoteremsha maziwa, mpaka meza yake sokoni alikuwa anakaa chini njiani kupumzika. Nilipomwambia ni mgonjwa alikataa katakata. "Mimi si mgonjwa," alisema. "Mimi nakohoa tu."

Kisha ukaja mradi.

Uliletwa na Daktari Lydia kutoka Nairobi, binti mwerevu, msemaji mzuri, na sitamsema vibaya zaidi ya inavyolazimu. Alitueleza kwamba hewa chafu ikiingia mapafuni huleta uharibifu, kama kutu kwenye bati, na kwamba matunda na mboga za rangi zina vitu viitwavyo antioksidanti vinavyopigana na kutu hiyo. Mradi wake ungewapa wanawake wazee matunda, kisha upime kama pumzi zao zimeongezeka. Nilipewa kazi ya kuwatafsiria. Neno antioksidanti lilinishinda kwa Kiswahili, likanishinda zaidi kwa Kisomali changu cha kuokoteza, nikasema ni dawa ya kutu. Tangu siku hiyo soko zima likaniita Mama Kutu, na mpaka leo nikinunua nyanya nalijibu jina hilo.

Naomba nieleweke. Daktari Lydia hakuleta uongo. Wataalamu wamelichunguza jambo hilo, wengine wanaona dalili njema, wengine wanasema tusikimbilie. Mimi mwenyewe nimehubiri machungwa, maembe, mchicha na kunazi za porini maisha yangu yote, na nikifufuliwa nitahubiri tena. Lakini kumlisha mtu machungwa huku ukimwacha ameinamia moshi ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamuuliza Daktari Lydia kama mradi utaangalia na majiko.

"Jiko halimo, Mama," akanijibu kwa upole. "Mradi ni wa matunda."

Nikamuuliza kama tutafuatilia nani anayala matunda hayo yakishafika nyumbani. Akaniambia hicho si kigezo. Nikamkumbuka Sista Barwaqo.

Matunda yalikuja kwa lori kutoka Nairobi, machungwa kwa magunia na matufaha yaliyofungwa moja moja kwa karatasi laini kama vito. Lori lilivuka daraja la Tana, likayapita mashamba ya kando ya mto ambako maembe yalikuwa yanaanguka na kugombaniwa na nyani. Nyani wa Garissa, kwa hesabu za mradi ule, walipaswa kuwa na mapafu bora kuliko wote nchini.

Sasa tuje kwenye kipimo. Kipimo cha pumzi ni kibomba kilichounganishwa na mashine. Unabanwa pua, unavuta hewa mpaka ujae, halafu unapuliza kwa nguvu zote mpaka uishe, na fundi anakusimamia akipiga kelele, "Puliza, puliza, endelea, bado!" Mashavu yanatutumka, macho yanatoka, mate yanaruka. Mtu mzima anayefanyiwa hivyo huwa hana heshima iliyobaki. Fundi wetu alikuwa Abdirashid, kijana mstaarabu wa maabara. Na Abdirashid alikuwa amemwoa Sahra, binti wa Ayeeyo Habiba.

Ninyi mliozaliwa huku mmeshacheka. Kwa wasiojua, niseme hivi: kwa watu wa hapa, mama mkwe, yule soddoh, na mume wa binti yake huoneana haya kupita kiasi. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hutafuta shughuli upande wa pili wa barabara. Ayeeyo Habiba aliingia chumbani, akaona ni nani ameshika mashine, akasimama mlangoni kama aliyekosea nyumba. Abdirashid akaanza kusoma ukuta. Kibomba kilipitia mkononi mwangu, maana mkono kwa mkono haikuwezekana. Ayeeyo akavuta shela juu ya mdomo, akakiingiza kibomba ndani ya shela, akapuliza kama anayempozea mtoto chai. Sheria ya kipimo ni kurudia mpaka mtu apulize kisawasawa. Abdirashid alisema kwa sauti ndogo, "Inatosha, hooyo," yaani mama, na ukuta ukaitikia.

Mashine ikatoa majibu ya kutisha. Kwa majibu yale Ayeeyo Habiba alipaswa kuwa ameshazikwa. Akapewa kapu kubwa la matunda kuliko wenzake wote, na akawekwa kwenye foleni ya daktari wa kifua, ambaye huja Garissa kwa nadra na huona wachache. Hilo la pili lilinifurahisha. Mapafu yake yalikuwa mabovu kweli, na mimi nilikuwa nimeshaomba apelekwe huko nikachoka. Kosa lilikuwa limemfikisha mahali pake.

Hata hivyo nilimwambia Daktari Lydia siku ile ile kwamba yule ni mama mkwe wa fundi, kipimo kirudiwe na mwanamke.

"Mama," akasema, "mashine haijui ukoo."

Mashine haikujua. Miezi ikapita, Sahra akajifungua mtoto wa kiume, Abdirashid akachukua likizo, na nafasi yake ikashikwa na Maryan, msichana wa Mandera asiyekuwa ndugu wa mtu yeyote Garissa. Kipimo cha pili kikaangukia kwake. Ayeeyo Habiba akaingia, akatazama huku na huku, akatupa shela begani, akakiuma kibomba. Kumbukeni huyu ni mtu aliyepuliza kuni mbichi tangu utotoni. Maryan hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Ayeeyo alipuliza, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na mashine ikaandika kwamba pumzi yake imepanda maradufu.

Daktari Lydia alikaribia kucheza. Katika wanawake wote wa mradi hakuna aliyeongezeka kama yeye. Majibu ya pili yenyewe bado yalikuwa ya mtu mgonjwa, ila hakuna aliyeyatazama peke yake. Kila mtu alitazama kule kupanda. Na kwa sababu alikuwa amepanda sana, akatolewa kwenye foleni ya daktari wa kifua ili apishe mwenye shida. Amepata nafuu, wakasema. Nikamtazama Ayeeyo akitoka mlangoni. Alikaa kwenye ngazi kupumzika kabla ya kufika getini. Nilikasirika, na sioni haya kusema kwamba hasira hiyo ninayo hata leo.

Nikafanya nililofunzwa Hadado: nikaifuata njia ya chakula. Nilimkuta nyumbani kwake, jikoni, ameinamia mitungi, moshi umejaa mpaka nikamtambua kwa kikohozi. Nikamtoa nje kwa nguvu, tukakaa kivulini. Nikamuuliza nani hula kwanza machungwa ya mradi.

"Machungwa?" akasema, akinishangaa. "Hiyo nabelekea Sahra. Alikuwa na mimba, sasa ananyonyesha."

"Na Sahra anayala?"

"Sahra hapendi kitu kali, tumbo inamchoma. Lakini mume yake anatoka kazi amechoka. Wewe unataka mkwe yangu akute sahani tupu? Watu watasema nini?"

Nikamuuliza yeye mwenyewe alionja hata kipande. Akasema tunda ni la mgonjwa, na yeye, kama alivyokwisha kunieleza mara nyingi, anakohoa tu. Akataka kucheka, kikohozi kikamkata.

Basi hapo ndipo mradi mzima ulipokuwa umefika. Antioksidanti zote za Ayeeyo Habiba, zilizosafirishwa kutoka Nairobi kwa gharama, zilikuwa zimetulia ndani ya kifua cha fundi aliyeshika mashine. Nikampelekea habari Daktari Lydia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso, akasema takwimu zimeshafungwa na wafadhili wapo njiani.

Mkutano wa matokeo ulifanywa kwenye hoteli yenye kiyoyozi cha kugandisha mifupa. Kulikuwa na pilau ya mbuzi, soda, na, kwa heshima ya mada, tikiti maji lililokatwa umbo la ua ambalo hakuna aliyeligusa. Ayeeyo Habiba alikuwa mgeni wa heshima. Aliketishwa mbele, Abdirashid akakaa nyuma kabisa, na picha ya pumzi ya Ayeeyo iliyopanda ikamulikwa ukutani kubwa kama mlango. Kisha Daktari Lydia akamwita aje kwenye kipaza sauti awaambie wageni anavyojisikia.

Alisimama, akatembea, akafika. Akafungua mdomo na hakuna neno lililotoka. Alikuwa anaitafuta hewa. Kipaza sauti kikaichukua ile sauti ya kifua chake, mlio mwembamba wa kuvuta na kusukuma, kikaieneza ukumbi mzima, na tukabaki kuusikiliza. Mgeni mmoja mbele akadhani ni furaha imemzidi. Akapiga makofi. Wengine wakafuata, ukumbi mzima ukampigia makofi mwanamke aliyekuwa anakosa pumzi mbele yao, na mimi nilikuwa nimeshainuka kwenda kumshika.

Ndipo Abdirashid aliposimama. Macho yake yalikuwa kwenye zulia na hayakutoka hapo.

"Wazee wanisamehe," akasema, na makofi yakafifia. "Yule ni soddoh yangu. Nilipombima niliona haya, sikumwambia arudie. Ile namba ya kwanza ni haya yangu, si kifua yake. Hajapona, hata kidogo." Halafu akamalizia kwa sauti ya mtu anayeruka ukuta. "Na matunda yake nilikula mimi. Sikujua ni ya mradi. Wallahi yalikuja nyumbani kila wiki, nikala."

Kumtaja mama mkwe hadharani, mbele ya wazee na wageni, tena pamoja na tumbo lako mwenyewe, ni jambo ambalo wanaume wakubwa kuliko yeye wasingelithubutu. Ayeeyo Habiba alijifunika uso wote kwa shela. Daktari Lydia, na hili nampa kwa haki yake, alizima ile picha, akamkalisha Ayeeyo mwenyewe, akachukua kifaa chake akamsikiliza mgongo palepale, mbele ya wafadhili na tikiti lao. Jioni ile Ayeeyo alirudishwa kwenye foleni.

Daktari wa kifua alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamwonya kwamba mapafu yaliyoharibika hayarudi kuwa mapya, na kwamba akitaka kubaki na yale aliyonayo moto utoke nje na yeye asiukaribie moshi tena. Moto ukatoka nje. Lakini mitungi ingefukizwa na nani? Sahra ana mtoto mchanga, na bila moshi hakuna soko, na bila soko Ayeeyo Habiba asingejua afanye nini na asubuhi zake. Alikuwa tayari kuirudia kazi hiyo, aliniambia hivyo, na nilijua hanitishi.

Hakuirudia. Kila alasiri Abdirashid akitoka maabara hupitia nyuma ya nyumba ya mama mkwe, hukunja mikono ya shati, hufukiza mitungi uwanjani penye upepo, huipanga mlangoni, hugonga bati mara moja na kuondoka kabla hajatoka mtu. Ni kazi ya wanawake, na sokoni wanaume walimcheka mpaka wakachoka. Wanunuzi wanasema moshi wake ni mzuri. Mpaka leo yeye na Ayeeyo hawajatazamana.

Ripoti ya mradi ilitoka hata hivyo, imechapishwa kwa karatasi ya kung'aa, inasema matunda yameonyesha matumaini makubwa kwa mapafu ya wanawake wazee. Nakala yangu ilifika wiki mliyoniaga. Jalada lina picha ya Ayeeyo Habiba ameshika chungwa, anatabasamu. Nilimpelekea. Alijitazama kwa muda mrefu, akataka nimsomee yaliyoandikwa chini, nikamsomea, kwamba ulaji wa matunda umebadilisha maisha ya mwanamke huyu.

"Waandikie," akasema. "Waambie machungwa ilikuwa tamu sana. Mkwe yangu alimwambia Sahra."

Akacheka. Kikohozi kilikuja katikati kama kawaida, kifupi, akakisubiri kipite, kisha akaendelea kucheka mpaka akamaliza.